Rubani na Kazi Yake: Mashauri Yanayokatwa Kabla Ndege Haijaruka

Mtu akisimama Embakasi saa tano za usiku ataona eropleni kubwa, moja baada ya nyingine, zikienda polepole hadi mwisho wa njia, zikigeuka, kisha zikianza kukimbia kwa kishindo. Wengi wetu hufikiri kwamba safari hizo huondoka usiku ili abiria afike Ulaya asubuhi, apate mchana mzima wa shughuli zake. Ni kweli. Lakini iko sababu ya pili ambayo abiria haambiwi, na marubani huijua kama mkulima ajuavyo majira ya mvua: usiku hewa ya Nairobi ni baridi, na ndege iliyobeba mzigo mzito huipenda sana hewa baridi.

Katika makala hii tunataka kumweleza msomaji kazi ya rubani wa ndege za abiria na za mizigo, si kwa kuusifu ushujaa wake, bali kwa kuonyesha mambo anayoyahesabu. Watu wengi hudhani kwamba rubani hulipwa mshahara mkubwa kwa sababu ni jasiri. Sisi tunaona kwamba hulipwa zaidi kwa kujua wakati wa kukataa.

Tuanze na hewa yenyewe. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 baada ya kujengwa siku za Hali ya Hatari kwa jasho la watu waliokuwa kizuizini, na ambao leo unaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, uko juu ya usawa wa bahari kwa futi zipatazo 5,330. Huko juu hewa ni nyepesi. Adhuhuri, joto likifika digrii 25, hewa ya Nairobi hupungua uzito kwa kadiri ya sehemu moja katika tano ukiilinganisha na hewa ambayo wahandisi huichukua kuwa kipimo cha pwani. Basi ndege hupata hasara mara mbili. Kwanza, bawa huinuliwa na hewa ipitayo juu yake na chini yake, na hewa ikiwa haba, sharti bawa liende mbio zaidi ndipo lipate kuinuka. Pili, injini nayo hula hewa. Ikikosa hewa ya kutosha, nguvu zake hupungua.

Dereva yeyote aliyepandisha lori la viazi kutoka Mai Mahiu hadi Limuru anaijua habari hii kwa masikio yake, maana husikia injini inavyolalamika kadiri anavyopanda. Tofauti ni kwamba dereva wa lori akishindwa huweka jiwe chini ya gurudumu, akashusha magunia kumi. Rubani lazima ayashushe magunia yake kabla ya kuondoka.

Hesabu ni hii. Saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani haipimi jinsi magurudumu yanavyokwenda chini. Hupima msukumo wa hewa. Usawa wa bahari mambo hayo mawili huwa karibu sawa. Nairobi, adhuhuri, saa ikionyesha maili 170 kwa saa, magurudumu yanakwenda maili 190. Na kwa kuwa kazi ya breki huongezeka kwa kipimo cha mwendo mara mwendo, breki zinazotakiwa kuisimamisha ndege hiyo zina kazi zaidi kwa robo nzima. Tairi nazo zina kiwango chake. Nyingi za ndege kubwa zimetengenezwa kuvumilia maili 225 kwa saa na si zaidi sana. Ndiyo maana njia ya Embakasi ilifanywa ndefu, zaidi ya mita 4,100, hali ile ya Mombasa, iliyo karibu na bahari, ni mita 3,350 tu, na ndege zilezile huruka hapo bila taabu.

Mkulima wa maua wa Naivasha huenda hakuwahi kufikiri kwamba jua la mchana linaweza kumwachia masanduku yake ghalani. Lakini ndivyo ilivyo. Uzito wa ndege ya mizigo iondokayo nchi ya juu hukatwa kwa joto la siku hiyo, kwa upepo, na kwa maji yaliyo juu ya njia. Mafuta hayawezi kupunguzwa, kwa kuwa safari ni ileile. Kinachopungua ni mzigo. Eldoret ni juu zaidi, karibu futi 7,000, na njia yake ni mita 3,500. Basi ndege za mizigo zimezoea kushusha bidhaa pale na kuondoka zikiwa nyepesi. Watu wa Eldoret wameomba kwa miaka mingi njia yao irefushwe. Aliye ofisini akisoma maombi hayo aweza kudhani kwamba ni tamaa ya wenyeji ya kutaka kitu kikubwa, kumbe nyuma yake kuna hesabu ya hewa.

Sasa tufike penye kiini cha kazi. Kabla ya kila safari marubani wawili hukaa wakatafuta mwendo mmoja ambao sisi tutauita mwendo wa kukata shauri. Maana yake ni hii: ndege ikiwa inakimbia njiani, na likatokea jambo baya, kama injini kuzimika, basi kabla ya kufikia mwendo huo rubani aweza kuacha safari na kusimama katika njia iliyobaki. Akiisha kuupita, njia iliyobaki haitoshi tena kusimama. Sharti aruke, hata kwa injini moja, kisha azunguke arudi. Ndege ya injini mbili haipewi ruhusa kubeba uzito ambao injini moja iliyosalia haiwezi kuupandisha. Magurudumu yakiisha kukunjwa, ni lazima iweze kupanda angalau futi 2.4 kwa kila futi 100 za kwenda mbele. Hicho ni kilima kidogo sana. Mwendesha baisikeli angekipanda bila kushuka. Lakini ndicho kilicho kati ya abiria na ardhi.

Rubani mmoja huendesha, mwingine husoma mwendo kwa sauti. Mwendo ukifika, msomaji hulitamka neno, na rubani mkuu huondoa mkono wake kwenye mikono ya injini, ili asije akashawishika kuivuta kwa hofu. Yote hayo hupita katika muda usiofika dakika moja. Shauri lenyewe hukatwa katika muda wa mtu kuvuta pumzi.

Jinsi jambo dogo linavyoweza kuingia katika muda huo, Afrika ya Mashariki ilijifunza kwa machozi. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege ya Super VC10 ya shirika la East African Airways, iliyotoka Nairobi kwenda London, ilikuwa ikiondoka Addis Ababa, uwanja ulio juu kuliko Nairobi kwa zaidi ya futi 2,000. Ilipokuwa ikikimbia, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma. Kilikuwa kifaa kidogo cha jeki ya ndege ndogo ya Cessna, ambacho hakikuwa na haki ya kuwapo njiani. Tairi ilipasuka, pua ya ndege ikatikisika vibaya, na marubani wakaamua kusimama. Breki hazikufanya kazi kwa nguvu zake zote. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya mtambo wa breki ilikuwa imerudishwa kimakosa wakati wa matengenezo. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaanguka katika bonde la futi kama 35, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 107 walikuwamo, 43 walikufa.

Msomaji ayatazame mambo hayo pamoja: chuma kilichoachwa na mtu mmoja, mtambo uliofungwa vibaya na mtu mwingine, na hewa nyepesi ya mlimani iliyoongeza kasi ya magurudumu. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyekuwa ndani ya chumba cha rubani. Tunasema hivi kwa sababu ndege ianguapo, jina la rubani ndilo hutajwa kwanza sokoni na ndani ya basi, hata kabla moto haujazimwa.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Nairobi yenyewe. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa, iliyotoka Frankfurt kwenda Johannesburg, iliondoka Embakasi ikiwa na watu 157. Iliinuka kidogo, ikaanza kutetemeka, ikakataa kupanda. Ikarudi chini mbele ya mwisho wa njia, ikakatika na kuungua. Watu 59 walikufa, na 98 wakaokoka. Hiyo ndiyo ajali ya kwanza ya ndege za namna hiyo iliyoua watu, na ilitokea kwetu.

Sababu yake inafaa kuelezwa polepole. Mbele ya bawa la ndege hiyo mna vibawa vidogo vinavyofunguka wakati wa kuruka, ili bawa lipate kushika hewa vizuri katika mwendo mdogo. Vibawa hivyo husukumwa na hewa yenye nguvu itokayo katika injini. Siku ile vilango vya hewa hiyo vilikuwa vimebaki vimefungwa, basi vibawa vya mbele havikufunguka, ingawa vile vya nyuma vilikuwa vimeshuka sawasawa. Pwani labda ndege ingaliburuta na kupanda. Katika hewa ya futi 5,330 haikuwa na akiba. Baadaye chombo cha kuonya kiliongezwa katika ndege hizo, ili rubani akianza kuruka hali vibawa havijafunguka, apigiwe kelele.

Kwa ajili ya mambo kama hayo marubani husomeana orodha. Mtu akiwasikia kwa mara ya kwanza huwaona kama watoto wa shule: mmoja anasoma swali, mwingine anajibu, na maswali ni yaleyale waliyoulizana jana na juzi. Karani aliyekaa miaka ishirini katika ofisi moja ataelewa hatari iliyopo hapo. Mkono uliozoea kupiga muhuri huupiga hata barua isiyosomwa. Rubani mzuri ni yule anayelitazama swichi kweli kabla ya kusema kwamba limefunguliwa, hata akiwa amelitazama mara elfu tano katika maisha yake.

Liko tena jambo la heshima, ambalo katika nchi zetu lina uzito wake. Sisi tumelelewa kwamba kijana hamkatizi mzee maneno. Katika chumba cha rubani adabu hiyo yaweza kuua. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana njiani katika ukungu, na watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa KLM, mtu mwenye sifa kubwa katika shirika lake, alianza kuruka kabla hajapewa ruhusa. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ndege ile nyingine imekwisha kuiacha njia. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imekwisha, akanyamaza. Tangu hapo mashirika mengi yalianza kuwafundisha marubani jinsi ya kusema, na wakubwa jinsi ya kusikia. Leo kijana aliyekaa kiti cha kulia anafundishwa maneno ya kutumia: kwanza auleze wasiwasi wake, kisha ashauri jambo la kufanya, na asiposikiwa aushike usukani mwenyewe.

Si rahisi. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, baada ya mvua kubwa ya radi, ndege ya Boeing 737 ya Kenya Airways iliondoka Douala katika Kameruni kuja Nairobi. Giza lilikuwa tupu, na chini palikuwa na kinamasi cha mikoko kisicho na taa. Taarifa ya uchunguzi ilisema kwamba rubani mkuu alitaja kuiwasha mashine inayojiendesha, lakini mashine haikuwashwa, na hakuna aliyethibitisha. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia kidogo kidogo, na wote wawili hawakutambua mpaka ilipoonya. Wote 114 walikufa.

Wengine huuliza: mtu mzima, mwenye macho, atakosaje kujua kwamba amelala ubavu? Jibu limo katika sikio. Ndani ya sikio la mtu mna mifereji ya maji itambuayo kugeuka kwa ghafula, lakini mgeuko wa polepole haiutambui. Mfunge mtoto kitambaa machoni, umweke katika kiti kinachozunguka, umzungushe taratibu: baada ya muda atakuambia kwamba amesimama. Ukikisimamisha kiti, atakuambia kwamba anazunguka upande mwingine. Rubani aliyepotelewa na upeo wa macho huwa katika hali hiyohiyo, na tena mwili wake humwapia kwamba yu sawa. Fundisho la kwanza la kuruka usiku ni kuviamini vyombo na kuukanusha mwili. Ni fundisho gumu, maana hakuna kazi nyingine nyingi zinazomwambia mtu asijiamini.

Mwili huo ndio mtaji wake vilevile. Mkulima akivunjika mguu atakaa kibarazani na kuwaelekeza watoto palizi. Rubani akionekana na ugonjwa wa moyo, au kisukari kisichotulia, au macho yasiyoweza kutengenezwa kwa miwani, cheti chake huzuiliwa, na kazi imesimama siku hiyo. Hupimwa na daktari kila miezi 12, na akitimiza miaka 60 kila miezi 6. Akifika 65 haruhusiwi tena kuendesha ndege za abiria za kimataifa. Haruhusiwi kunywa kileo kwa angalau saa 8 kabla ya safari, na mashirika mengi yameongeza saa hizo. Katika mashirika mengi marubani wawili hula vyakula tofauti, ili samaki mbovu asije akawaangusha wote pamoja.

Lakini adui mkubwa ni usingizi. Kuanzia saa nane za usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri akili ya mwanadamu hushuka, apende asipende, hata kama alilala mchana. Ndiyo maana sheria huhesabu saa za rubani kama mwenye duka ahesabuvyo senti. Katika nchi nyingi hawezi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28, wala saa 900 katika mwaka. Karani atacheka, akisema kwamba yeye hufanya kazi saa 900 kabla Juni haijaisha. Asicheke upesi. Saa hizo ni za kuwa angani tu. Hazina ndani yake saa za kungoja, za kusoma hali ya hewa, za kulala hotelini mapazia yamefungwa huku mji mzima nje uko kazini. Safari ya moja kwa moja ya kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018, ni ya saa zipatazo 15. Marubani wanne huenda pamoja, wakipokezana, wawili wakilala katika vitanda vidogo huku wenzao wakiendesha. Tena hewa ya ndani ya ndege nyingi ni kama ile ya Molo, futi zipatazo 8,000, na kavu kuliko Molo. Mtu hutoka humo amekauka kama ngozi iliyoanikwa.

Wazazi watuulizao jinsi mwana wao awezavyo kuingia kazi hiyo tutawajibu kwa ufupi. Cheti cha rubani wa biashara hutaka umri wa miaka 18 na kwa kawaida saa 200 za kuruka. Cheti cha juu, kimpacho mtu haki ya kuwa mkuu wa ndege kubwa, hutaka saa 1,500. Hesabu na fizikia ni za lazima, na Kiingereza pia. Wala wasifikiri kwamba ni kazi ya wavulana tu, kwa maana Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways alikwisha kuwa mkuu wa Boeing 787 mwaka 2014.

Kati ya saa 200 na 1,500 ndipo kijana anapoteseka, na wengi huzipata saa hizo Wilson, uwanja uitwao kwa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Kutoka huko ndege ndogo huwapeleka watalii Masai Mara, na kwa miaka mingi zimepeleka miraa Somalia, mzigo usiongoja mtu. Huko hakuna mnara wa kuwaongoza wala njia ya lami. Kijana hufika juu ya kiwanja cha nyasi, hushuka chini mara moja bila kutua, akiwafukuza nyumbu na punda milia kwa kelele za injini, huku akitazama kama mvua ya jana imeacha madimbwi. Kisha huzunguka na kurudi. Abiria mara nyingi hudhani kwamba amekosea, na wako wanaonung'unika kwamba anapoteza mafuta.

Naye akisha kutua, huzima injini, huwafungulia mlango, huwashusha mizigo kwa mikono yake mwenyewe, kisha huizunguka ndege kwa miguu akigusa tairi moja moja.